Bonde Limeokolewa

Waliomjua walimwita Mabuti, kwa sababu alivaa mabuti ya mpira siku zote, shambani, msibani na harusini. Ukimuuliza kwa nini, alikujibu kwamba matope hayaulizi leo ni siku gani. Alilima vitunguu, nyanya, kabichi na mchicha katika bonde lililokuwa pembeni mwa mji, na mkewe akaviuza sokoni. Shule ilimshinda mapema, au yeye aliishinda shule, inategemea unamuuliza nani. Tangu hapo hakufanya kazi nyingine, na hakuitaka.

Bonde lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa la shangazi yake, dada wa baba, ambaye mumewe alimwachia alipofariki. Watoto hawakujaliwa. Kwa hiyo shangazi alimiliki, Mabuti akalima, na kila wiki kapu la mboga lilikwenda nyumbani kwa shangazi bila kuambiwa. Hapakuwa na mkataba. Mkataba wa nini baina ya mtu na shangazi yake?

Zamani mji ulikuwa mbali. Kisha ukaja, pole pole, kama mgeni anayevuta kiti karibu na chungu. Maghorofa yalisimama miteremko yote miwili, na madirisha yake yakawa yanatazama chini kwenye matuta ya vitunguu kama mashabiki wanavyotazama uwanja wa mpira. Likabaki bonde peke yake bila jengo. Ndipo mjenzi akaja kumwona shangazi.

"Mtu ana adabu," shangazi alimwambia Mabuti. Alikuwa amekaa jikoni na ungo mapajani akichagua mchele, miguu yake iliyovimba ameiweka juu ya kigoda. "Kavua viatu mlangoni. Kaniletea sukari. Anasema pale chini penye majimaji hapajengeki, kwa hiyo utaendelea kulima hapo mpaka uchoke mwenyewe."

"Pale chini ni robo ya shamba, shangazi."

"Robo ya kitu ni kitu."

"Na maji ya vyoo vya maghorofa yake yatateremkia wapi? Si kwenye hiyo robo?"

"Wewe baba, una kichwa kigumu kama marehemu kaka yangu. Yeye alikataa miwani mpaka siku aliyomwamkia mbuzi."

Mabuti hakucheka. Akamweleza habari aliyoipata kwa diwani. Halmashauri ilitaka kuanzisha mfuko wa kununua mashamba na maeneo ya wazi yaliyobakia, yasije yakajengwa yote. Kila nyumba ingeongezewa tozo ndogo kwenye bili ya taka, na wakazi wangepiga kura kuikubali au kuikataa. Wakikubali, halmashauri inalinunua bonde, yeye Mabuti analikodi, na anaendelea kulima kama kawaida. Lote, siyo robo.

Shangazi akatupa kijiwe alichokiokota kwenye mchele. "Halmashauri iliyoshindwa kuziba shimo mbele ya lango langu ndiyo itakayookoa shamba?"

"Nipe muda mpaka kura ipite."

"Na bei yao?"

"Iko chini kidogo ya mjenzi."

"Kidogo ipi? Ya mbu au ya ng'ombe?"

Mabuti akainama kuokota kijiwe kwenye mchele, na shangazi akajua kwamba ni ya ng'ombe. Paa la nyumba yake lilivuja. Miguu ilihitaji hospitali, tena ile ya maana. Lakini huyu ndiye mtoto aliyemletea mboga miaka yote bila kutumwa, na yeye hakuwa na mwingine.

"Ukikosea," alisema, "nitakufa nikikudai."

"Sitakosea."

"Haya. Nenda kaombe kura. Wewe ambaye hata salamu inakutoka kwa kuvutwa na kamba."

*

Diwani wa kata ile alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, ambaye kabla ya siasa alikuwa msusi. Mpaka leo akiongea na mtu hutazama nywele kwanza. Huo mfuko aliuamini kwa moyo, na hili lazima lisemwe, maana baadaye watu walimsema mengi. Alimchukua Mabuti wakapanda ngazi za maghorofa mlango kwa mlango, na akagundua kwamba amepata lulu.

Kila mlango Mabuti alivua mabuti nje. Soksi zake zilikuwa na matundu, na watu wakampenda kwa yale matundu. Akaingia, akasimama dirishani, akaonyesha chini.

"Kitunguu ulichokatia mboga jana kimetoka pale. Ungetupa jiwe ungenipiga nikikipalilia."

"Kwani si tunanunua sokoni?"

"Sokoni kinafika na mke wangu. Hakifiki chenyewe."

Wakacheka, wakampa chai, wakasema wao wako naye. Mabuti akagundua kwamba anaweza kusema. Usiku wa kwanza aliporudi nyumbani alizungumza mpaka mkewe akamuuliza kama amelewa.

Sasa, ilikuwa ni msimu ambao Mabuti alilipumzisha bonde. Mkulima mzuri hufanya hivyo, asiyeweza kungoja ndiye anayekamua ardhi mpaka inatoa makapi. Vitunguu vya mavuno yaliyopita vilikuwa ghalani, mkewe akiviuza kidogo kidogo, naye alikuwa amepanda marejea shamba zima. Marejea hayaliwi na mtu wala hayauzwi. Ni mmea wa kuirudishia ardhi nguvu. Unaupanda, unakua, na unapoanza kuchanua tu unaufyeka na kuulimia chini ungali laini, uoze, uwe mbolea. Ukichelewa unakuwa mgumu kama kuni.

Yale marejea yakachanua kura ikiwa inakaribia. Bonde zima likawa manjano kutoka barabarani hadi kijitoni. Watu wakatoka kwenye vibaraza vyao na vikombe vya chai, wakasahau kunywa. Wengine walikuwa wameishi pale juu miaka bila kujua kwamba chini kuna kitu.

Mabuti aliwaona wanavyotazama, na hapo ndipo alipofanya kosa. Lilikuwa kosa la mkulima, maana mtu mwingine asingekuwa na shamba la kukosea nalo. Aliliacha lisimame. Badala ya kufyeka, akatoa fito mbili kwenye ua, akafungua njia, akawaambia watu karibuni.

"Unafungua ua?" mkewe aliuliza. Alikuwa amekuja kumletea chakula, na beseni la sokoni bado liko kichwani.

"Mtu hatetei asichokijua, mama watoto. Waje wakijue."

"Wajue kipi? Shamba ni vitunguu na samadi. Haya ni maua."

"Maua ndiyo yatakayotupa kura."

"Mume wangu, mchumba ukimleta kwa watu amejipamba, siku wakimkuta na nguo za jikoni watasema wamebadilishiwa."

"Unaona kila kitu kwa ubaya."

"Naona kwa macho," mkewe akasema, akatua beseni.

Wakaja. Watoto wakacheza kujificha ndani ya maua. Bibi harusi akaja na wasimamizi wake kupigwa picha, akaacha kisigino cha kiatu kwenye udongo. Daktari wa meno aliyekaa ghorofa ya juu kabisa, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya wakazi, akahamishia mbio zake za asubuhi bondeni. Kila akipita alimwinulia Mabuti mkono na kusema, "Mzee wangu, hii ni dawa." Yeye ndiye aliyeleta mpiga picha wa kutengeneza mabango. Mabuti alisimama mbele ya shamba lake, kanyoosha mgongo. Mpiga picha akamwomba asogee pembeni kidogo, anaziba maua. Akasogea.

Kura ikapita, tena kwa kishindo. Diwani alicheza ngoma barabarani na viatu mkononi. Halmashauri ikalinunua bonde, shangazi akatia sahihi, akaezeka paa jipya, akaenda hospitali. Ile ya kawaida, siyo ya maana, kwa sababu kwa ile ya maana pesa zilipungua kiasi kilekile cha ng'ombe. Hakulalamika. Alisema tu kwamba daktari wa pale alikuwa na mikono baridi.

Naye mjenzi alikunja ramani zake akaenda kutafuta bonde lingine.

*

Mvua zilipokaribia, Mabuti alileta trekta la kukodi. Marejea yalikuwa yamekwisha komaa, mabua yanapasuka chini ya magurudumu kama fimbo kavu, na moyo ulimuuma kwa kuchelewa. Hata hivyo, nusu mkate ni bora kuliko kukosa kabisa. Trekta lilikuwa halijamaliza mzunguko wa pili pale vibaraza vilipoanza kujaa watu.

Mwanzoni alidhani wanamshangilia. Akawapungia.

Daktari wa meno alishuka na kandambili, shati halijafungwa vifungo.

"Mzee wangu, unafanya nini?"

"Nalima."

"Unalima nini?"

"Shamba."

"Lakini hii ni hifadhi."

"Ni hifadhi ya shamba. Shamba hulimwa, daktari. Kama jino, kazi yake kutafuna."

Daktari akatazama yale maua yaliyolala kifudifudi kwenye udongo. Hakuwa mtu mbaya. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyemkuta jirani anachinja paka. "Watu wamelipia maua haya," alisema kwa upole. "Kila mwezi wanalipa. Binti yangu yuko kule juu analia."

"Mwambie yataota vitunguu."

"Hataki vitunguu."

Dereva wa trekta akazima injini, akawasha sigara, akakaa kusikiliza. Watu walizidi kushuka. Mama mmoja alisimama mbele ya trekta na mtoto mgongoni, akasema atakayepita apite juu yake. Mabuti alimtambua. Siku za kampeni aliwahi kunywa chai kwake, akaisifu.

Diwani alifika amepanda pikipiki ya kukodi, wigi limekwenda upande. Akamvuta Mabuti kando, karibu na kijito.

"Kaka, simama kidogo. Kidogo tu."

"Kwa nini nisimame? Si tulishinda?"

"Tulishinda. Sikiliza. Ule mfuko una vikapu viwili. Kuna kikapu cha mashamba na kikapu cha maeneo ya wazi. Bonde limenunuliwa, lakini halijaingizwa kokote. Wakazi wana haki ya kusikilizwa kwanza, ndiyo utaratibu."

"Hukuniambia hayo kule kwenye ngazi."

"Niliona ni kitu cha kupita tu. Nani angedhani? Kila mtu alisema anataka shamba." Alirekebisha wigi. "Nilidhani walikuwa wanasema shamba, kaka. Haki ya Mungu."

Mabuti alitazama juu, kwenye madirisha. Akamwambia dereva arudishe trekta.

*

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa halmashauri, wenye viti vya plastiki na kipaza sauti kinachopiga mluzi. Diwani alikuwa mwenyekiti. Mabuti alikaa mbele na mkewe. Shangazi alikaa nyuma karibu na mlango, fimbo katikati ya magoti.

Watu walianza kusimama mmoja mmoja. Kila aliyetaka kumchinja Mabuti alianza kwa kumheshimu.

"Mimi namheshimu sana mzee wetu," alisema mstaafu mmoja, "lakini samadi yake ikimwagwa, hatufungui madirisha wiki nzima."

"Mzee ni kama baba yangu," alisema kijana mmoja, "ila ile pampu ya maji inaanza kabla hata jogoo hajajikuna."

Mwingine akasema inzi. Mwingine akasema dawa za kunyunyizia, na watoto wana pumu. Yule mama wa trekta akasema yeye hana maneno mengi, yeye alionyeshwa maua, akapigia kura maua, sasa anauliza maua yake yako wapi.

Ukumbi ukapiga makofi.

Daktari wa meno alizungumza mwisho, vizuri, kwa sauti ya mtu anayekwambia haitauma. Alisema mji huu una mashamba mengine huko mbele, vitunguu vinaweza kutoka popote, lakini mahali pa mtoto kukimbia hapatoki popote. Alisema bonde lifunguliwe kwa wote badala ya kulimwa na mmoja. Na kusema kweli, hata Mabuti mwenyewe aliona maneno hayo yana akili.

Akapewa kipaza sauti. Alikuwa amejiandaa na mkewe jioni nzima, lakini aliposimama maneno yakakimbia kama kuku waliotupiwa jiwe.

"Mlinikaribisha kwenu," alisema. "Nikavua mabuti."

Wakangoja.

"Mimi siyo mtu wa maua. Mimi mkulima. Yale maua niliyapanda ili niyazike."

Ukumbi ukaguna. Mtu nyuma akasema, "Si mnaona? Anakiri mwenyewe."

"Ndivyo yanavyofanywa," Mabuti akaendelea, na sauti ikaanza kupanda bila yeye kutaka. "Hayapandwi ya kutazamwa. Unayaua yakiwa mazuri, ndiyo faida yake. Hata nyinyi mngekuwa wakulima mngeyaua."

Mkewe alifumba macho. Diwani akasema asante sana mzee wetu, akashukuru kwa mchango, akaomba mikono.

Wanaotaka bonde liwe eneo la wazi, ukumbi mzima uliota mikono kama mahindi. Wanaotaka libaki shamba, alinyoosha Mabuti, akanyoosha mkewe, na mlinzi wa ghorofa moja ambaye Mabuti alikuwa akimpa mchicha bure. Mabuti akageuka nyuma. Shangazi alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono yote miwili.

"Shangazi," alisema mkewe Mabuti, kwa sauti iliyosikika.

"Mimi nimeshauza," shangazi akajibu. "Mkono wangu wanao wao, waliununua pamoja na shamba."

Diwani aliandika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kichwa chini. Kisha akasoma. Bonde ni eneo la wazi. Hapatalimwa, hapatafugwa, hapatawekwa samadi. Mabuti alipewa muda wa kuondoa pampu na banda lake.

Alilibomoa banda mwenyewe. Watu wawili watatu waliokuwa katika mbio zao za mazoezi walisimama wakataka kumsaidia kubeba mabati. Akawaacha wabebe. Angewakatalia kwa lipi? Walikuwa wastaarabu.

*

Baada ya hapo mkewe alianza kununua mboga kutoka kwenye malori ya jumla, kama wachuuzi wengine, na faida ikawa ya kulamba kidole. Mabuti alizunguka kutafuta shamba la kukodi. Ya karibu yalikuwa yameshaota nguzo za zege, ya mbali nauli ilikula mavuno kabla hayajapandwa. Alikwenda kwa shangazi bila kapu. Shangazi akamkaribisha, akamwuliza habari za watoto, akamwonyesha paa lisilovuja. Ile robo ya chini hakuitaja. Mabuti alingoja aitaje, ili wagombane, lakini mwanamke yule alizungumza habari za miguu yake mpaka jua likapinda, na Mabuti akaondoka akiwa ameumia kuliko angetukanwa.

Ndipo diwani alipofika nyumbani kwake na nafasi ya kazi. Halmashauri ilihitaji mtunza bonde. Kukata nyasi, kumwagilia, kuokota chupa, na kupanda maua yale ya manjano kila mwaka. "Nani anayelijua bonde kukuzidi, kaka?"

"Siitaki."

"Ataichukua," mkewe akasema kutoka jikoni.

"Nimesema siitaki."

Mkewe akatoka anafuta mikono. "Wewe huna njaa? Mimi ninayo. Mheshimiwa, aanze lini?"

Akaanza. Alivaa fulana ya kijani yenye nembo ya halmashauri. Alipanda marejea pale alipopanda vitunguu, akayaacha yachanue, yakomae, yakauke, kisha akayafyeka na kuyachoma kwenye shimo, maana kuyalimia chini kulihesabiwa kulima. Udongo ule ulikuwa haujawahi kuwa mzuri namna hiyo. Aliushika kiganjani wakati mwingine, ukamomonyoka mweusi, laini, una minyoo minene. Watu walimpita wakimwita mzee wetu. Daktari wa meno alimtengenezea jino bure.

Mwaka uliofuata, diwani akamwita ofisini. Kulikuwa na bonde lingine, kata ya jirani, na mfuko ulitaka kulinunua, lakini tozo ilibidi iongezwe na wakazi wa huko wapige kura. Mjenzi alishatia mguu. Diwani alitaka Mabuti apande ngazi tena.

"Huna mwingine?"

"Wapo. Hakuna anayefungua mlango kama wewe."

Mabuti alikubali haraka, kiasi kwamba diwani alimtazama nywele mara mbili. Mkewe naye alishuku.

"Umekubali nini?"

"Kwenda kwenye milango."

"Kusema nini?"

"Ukweli," Mabuti alisema. "Mlango mmoja mmoja. Nitawaambia wanachofanyiwa watu. Hawatapata kura hata moja ya kufutia machozi."

"Na kazi yako?"

"Waichukue."

Mkewe akampikia mayai kabla hajaondoka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mkutano ule.

Alianza kwa mwenye bonde, mkulima wa karoti, mtu mfupi mwenye masikio makubwa, ambaye wote walimwita Karoti. Alimkuta anatengeneza benchi la wageni kando ya tuta. Mabuti akamweleza yote, tangu maua mpaka mikono. Karoti aliendelea kupiga misumari.

"Kwa hiyo unanishauri nini?"

"Mwaga samadi leo. Washa pampu alfajiri. Wakuone ulivyo kabla hawajakupigia kura."

"Wakiniona nilivyo hawatapiga."

"Basi wasipige."

"Na mjenzi je? Kesho yuko hapa na kamba ya kupimia." Karoti aliweka nyundo chini. "Kaka, wewe unakula mshahara. Mvua isinyeshe, inyeshe, mwisho wa mwezi unakula. Umekuja na fulana ya halmashauri kunitisha mimi. Kama unaitaka nafasi yangu sema."

Mabuti akamuaga. Alivuka barabara akaenda kwenye maghorofa.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na mwanamke wa makamo aliyeshika pasi, waya unaburuta nyuma. Alimkaribisha ndani. Mabuti alisimama dirishani kama alivyozoea. Chini zilionekana karoti, matuta yamenyooka, na yule mtu mfupi akibeba benchi lake kichwani.

"Wanataka kulinunua lile bonde lisijengwe," Mabuti alisema. "Tozo itapanda kidogo."

"Nimesikia. Na yule mkulima atabaki?"

Hilo ndilo swali alilolijia. Alikuwa amelibeba jibu lake njia nzima kama mtu aliyebeba jiwe.

"Hatabaki, mama. Mimi nilikuwa na bonde kama lile. Kwanza watu walinipenda. Kisha wakasikia harufu yangu. Kisha wakapiga kura, wakanitoa, wakaweka maua. Yule mnayemwona pale, mkilipa tozo hii, mtamtoa. Pengine mtampa fulana kama hii yangu."

Mwanamke alisimamisha pasi wima juu ya meza. Uso wake ulikuwa wa huzuni, ya kweli kabisa. Alimtazama Karoti kule chini mpaka benchi likafika lilipokuwa linapelekwa.

"Maskini," alisema. "Lakini hapatajengwa?"

"Hapatajengwa."

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Basi mimi nakubali." Akaushika mkono wa Mabuti kwa mikono yake miwili, ingali na joto la pasi. "Na pole sana, baba. Pole kwa yaliyokukuta."

Mlango wa pili alisema vilevile, neno kwa neno, na akaongeza habari ya shangazi. Walikuwa mume na mke. Wakakubali wote wawili, na wakamshukuru kwa kuwa mkweli.